Usinunue hadithi: maneno kwa wapenzi wapya wa bourbon

Maneno haya yalisemwa Louisville, Kentucky, mbele ya Waswahili wanaoishi hapa: Wakongomani, Watanzania, Wakenya, Warundi na wengineo. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa, nikapunguza vicheko na marudio.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, hamjambo.

Ahsanteni kwa kunialika. Waandaaji wameniambia nina nusu saa, na kwamba baada ya hapo pilau itafunuliwa na hakuna atakayenisikiliza tena. Kwa hiyo sitazunguka.

Humu ndani wapo wasiogusa pombe, kwa dini, kwa afya, au kwa kutoipenda tu. Sikuja kumshawishi mtu. Asiyekunywa asianze kwa sababu yangu. Lakini hata nyinyi mnaishi katika jimbo lenye watu kama milioni 4.5, na mapipa ya bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, yaliyolala maghalani ni zaidi ya milioni 14. Wengi humu tunafanya kazi kuyazunguka mapipa hayo. Wengine tunayasukuma, wengine tunaendesha malori yake, wengine tunafunga maboksi ya chupa mpaka mgongo unauma. Mimi mwenyewe nimeyaviringisha, na pipa likijaa lina zaidi ya kilo 230. Si vibaya mtu kujua kilichomo ndani ya kitu kinachomtoa jasho.

Jambo langu ni moja. Bourbon ni pombe yenye sheria kali, na karibu zote unaweza kuzisoma kwenye lebo ukijua pa kutazama. Juu ya sheria hizo wafanyabiashara wamepaka hadithi, tabaka juu ya tabaka, kama rangi kwenye dau kuukuu. Anayesoma sheria hupata kinywaji kizuri kwa bei ya mtu anayelipwa kwa saa. Anayenunua hadithi hulipa mara kumi na wakati mwingine anapata kitu kilekile.

Tuanzie kwetu. Nani humu hajui gongo? Naona mzee pale nyuma anaangalia dari. Tanzania tunaiita gongo, Kenya ni chang'aa, Kongo ni lutuku. Unga wa mahindi, kimea, maji, siku kadhaa za kuchachuka, kisha moto chini ya pipa na mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji. Mama anayepika anajua kwa pua tu ni lini matone ya kwanza yamwagwe na ni lini ya mwisho yaachwe.

Basi kiwandani msingi ni huohuo. Sheria inataka mahindi yasiyopungua asilimia 51 ya nafaka zote, ingawa viwanda vingi huvuka asilimia 70. Nafasi inayobaki hugawanywa kati ya shayiri iliyooteshwa kuwa kimea, kwa sababu kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na nafaka ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoleta tabia. Wengi hutumia rai, nafaka ya nchi za baridi, jamaa wa ngano, yenye ukali kama wa pilipili manga. Wachache hutumia ngano yenyewe, na hapo pombe inakuwa laini, inaelekea mkate na asali. Kumbukeni tofauti hii ya rai na ngano. Ndiyo jambo la kwanza la kumuuliza muuza duka, na akikosa jibu, nenda duka jingine.

Maji ya hapa hupita kwenye mawe ya chokaa. Yana kalisi ya kutosha na hayana chuma, na chuma huharibu wiski, huipa weusi na ladha mbaya. Hamira hutiwa, mchanganyiko huchachuka kwa siku tatu hadi tano, na sehemu ya mabaki ya upishi uliopita hurudishwa kwenye upishi mpya ili uchachu usiyumbe. Utaratibu huu ulinyooshwa na Mskochi aliyeitwa James Crow, daktari na mkemia, katikati ya karne ya 19, kwenye shamba la Oscar Pepper, mahali ambapo leo pana kiwanda cha Woodford Reserve. Crow alipima. Wenzake walikisia. Nitarudi kwenye shamba hilo, maana kuna watu pale ambao hadithi iliwaruka.

Kinachotoka kwenye mtambo hakiruhusiwi kuvuka asilimia 80 ya kilevi. Ukikisafisha zaidi ya hapo, ladha ya nafaka inapotea na unabaki na spiriti tupu. Kikiingia kwenye pipa kisizidi asilimia 62.5. Hapo bado ni cheupe kama maji. Wenyewe wanakiita mbwa mweupe, na ukikionja utamtambua mara moja: ni binamu wa gongo, kavaa viatu.

Kinachomfanya mbwa huyu awe bourbon ni mbao, na hapa nitakaa kidogo.

Sheria inataka chombo kipya cha mwaloni, kilichochomwa ndani. Nasisitiza kipya. Pipa likishalaza bourbon mara moja, haliwezi kulaza bourbon nyingine. Ndiyo maana mapipa ya hapa huvuka bahari kwenda Scotland kulaza wiski yao, huenda Mexico kwenye tequila, huenda visiwa vya Karibi kwenye ramu. Hata pilipili ya Tabasco, kule Louisiana, hulazwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba wiski. Dunia nzima inakunywa na kula kwenye vyombo tulivyovisukuma sisi.

Fundi wa mapipa hatumii gundi wala msumari. Mbao za mwaloni mweupe wa Marekani huunganishwa kwa kubanwa na pete za chuma tu, na pipa la lita 200 hivi halivuji, kwa sababu vijitundu vya mti huu vimezibwa kiasili. Kisha ndani huwashwa moto. Kuna viwango vinne vya kuchoma vinavyojulikana. Cha nne huchukua chini ya dakika moja, na uso wa ndani hupasuka vipandevipande kama ngozi ya mamba, na ndivyo mafundi wanavyokiita. Wild Turkey wanatumia hicho. Nyuma ya mkaa kuna tabaka ambalo moto umelipasha bila kuliunguza, na hapo ndipo hazina ilipo: sukari ya mti iliyoiva, na kiambato kilekile kinachoipa vanila harufu yake.

Pipa likiingia ghalani, hali ya hewa inaanza kazi. Mmekaa Kentucky, mnaijua Julai yake. Mnaijua na Januari. Maghala mengi hayana kipoza hewa wala kipasha joto. Kiangazi pombe hutanuka na kuingia ndani ya mbao, baridi ikija hujikunja na kurudi nje ikiwa imebeba rangi na ladha. Miaka minne, sita, kumi, inaingia na kutoka. Sheria inakataza kuongeza rangi au ladha yoyote kwenye bourbon, kwa hiyo ule wekundu wote mnaouona kwenye chupa ni mti na muda.

Na ghala si mahali pamoja. Ghorofa ya saba kuna joto la tanuri. Chini ni baridi. Pipa la juu hukomaa haraka, hukauka, na kilevi chake hupanda, kwa kuwa maji ndiyo yanayokimbia zaidi. La chini huenda polepole, linabaki tamu. Maker's Mark kwa mila yao huhamisha mapipa kutoka juu kwenda chini. Four Roses walijenga maghala ya sakafu moja ili kukwepa tofauti hizo. Buffalo Trace, kule Frankfort, walikwenda njia nyingine: mwaka 1984 Elmer T. Lee alitoa Blanton's, ambayo kila chupa inatoka kwenye pipa moja tu, bila kuchanganywa na lingine. Aliikumbuka kazi ya bosi wake wa zamani, Albert Blanton, aliyekuwa akichagua mapipa bora kwa ajili ya wageni wake. Yaani kitu kilichokuwa cha wakubwa sebuleni kikawekwa dukani.

Kila mwaka pipa hupoteza asilimia tatu hadi tano kwa mvuke. Wanasema ni sehemu ya malaika. Malaika wa Kentucky wanakunywa sana, na wanachafua pia: mvuke huo unalisha kuvu mweusi anayepaka kuta, miti na magari ya majirani, na wapo waliofika mahakamani kwa ajili yake. Ukiona mtaa wenye miti iliyofanana na iliyopakwa masizi, ujue ghala halipo mbali.

Hapo mnaweza kuona kwa nini mimi sibabaiki na umri mkubwa kwenye chupa. Scotland ni baridi, na pipa lao ni la zamani, limeshachoka. Wiski yao inaweza kulala miaka 25 bila wasiwasi. Hapa mbao ni mpya na joto ni kali. Kwa ulimi wangu, bourbon nyingi hufika kileleni kati ya miaka sita na kumi na mbili. Baada ya kumi na tano, mara nyingi unakunywa samani. Wapo watakaonibishia, na nina chupa ya kuwanyamazisha.

Sasa sheria. Karne ya 19 wiski nyingi iliuzwa kwa pipa. Pipa linafika kwa mwenye baa, na kuanzia hapo ni yeye na Mungu wake. Wachanganyaji walichukua spiriti tupu wakaitia rangi kwa maji ya tumbaku, juisi ya plamu kavu na sukari ya kuungua, wakaiandika wiski ya miaka. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia hakukuanza Kariakoo. Mwaka 1870, hapa hapa Louisville, George Garvin Brown, kijana aliyekuwa akiuza dawa, aliamua kuuza wiski yake kwenye chupa zilizofungwa tu. Ikaitwa Old Forester, na bado ipo madukani.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1897. Kanali Edmund Haynes Taylor, mwenye viwanda vya Frankfort, alishirikiana na waziri wa fedha John G. Carlisle, Mkentucky mwenzake, ikapitishwa sheria iliyozaa maneno mnayoyaona kwenye baadhi ya chupa: "Bottled in Bond". Pombe ya chupa hiyo lazima iwe imepikwa na kiwanda kimoja, katika msimu mmoja, ikalala miaka isiyopungua minne kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na itiwe chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Kanali alikuwa na maslahi yake, tusimfanye mtakatifu. Sheria ile iliwaumiza washindani wake. Lakini ilitangulia kwa miaka tisa sheria kuu ya Marekani ya usalama wa chakula na dawa, na mnywaji wa kawaida ndiye aliyefaidi.

Basi chukueni simu zenu, pigeni picha hii lebo nitakayoinyanyua. Someni nami. "Kentucky": imepikwa humu jimboni na ikalala hapa angalau mwaka mmoja. "Straight": imekaa kwenye pipa miaka miwili au zaidi, na kama haijafika minne, umri lazima uandikwe. Kwa hiyo ukiona "straight" bila umri, ni minne kwenda juu. Umri ukiandikwa ni wa pombe changa kuliko zote ndani ya chupa, haijalishi imechanganywa na kongwe kiasi gani. Neno "proof" ligaweni kwa mbili mpate asilimia: 90 ni 45, 101 ni 50 na nusu. Pungufu ya 80 hairuhusiwi kuitwa bourbon.

Kisha geuzeni chupa. Nyuma, kwa maandishi ya kumtafuta mtu miwani, kuna nani aliyeipika. Ikiandikwa "distilled by", yaani imepikwa na, pamoja na jina la kiwanda, vizuri. Ikiandikwa "bottled by", imetiwa chupani na, au "produced by", imetengenezwa na, tu, inawezekana sana aliyetia chupani siye aliyepika. Hakuna dhambi hapo. Kuna kiwanda kikubwa Lawrenceburg, Indiana, kilichopikia chapa nyingi mno, na kinapika vizuri. Shida ni pale mbele ya chupa panapokuwa na picha ya babu mwenye ndevu na mapishi ya ukoo, na nyuma panasema Indiana. Tena msichanganye: Kentucky nayo ina Lawrenceburg yake, ndiko waliko Wild Turkey na Four Roses. Someni mpaka jina la jimbo.

Na yapo maneno yasiyo na uzito wowote kisheria. "Small batch", yaani fungu dogo, ni mojawapo. Hakuna sheria inayosema mapipa mangapi ndiyo machache. Kumi? Mia mbili? Mwenye kiwanda ndiye hakimu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye bourbon vyote viwili vinajitembeza, ndiyo tabu. Wanasema Elijah Craig, mchungaji wa Kibaptisti, ndiye baba wa bourbon, kwamba yeye wa kwanza alichoma mapipa. Wanahistoria hawajapata ushahidi. Ni hadithi iliyopendeza, hasa pale biashara ya pombe ilipohitaji mtu wa Mungu upande wake. Bourbon haikuwa na baba mmoja. Ilitokana na wakulima wengi wenye mahindi mengi na barabara mbaya, maana mzigo wa pombe ni mwepesi kuusafirisha kuliko mzigo wa nafaka.

Ila kuna hadithi ambayo haikupakwa kwenye chupa yoyote kwa zaidi ya miaka 100, na inatuhusu rangi hii. Lynchburg, Tennessee, mchungaji wa Kilutheri aliyeitwa Dan Call alikuwa na mtambo wa wiski shambani. Aliyeuendesha alikuwa mtumwa, Nathan Green, waliyemwita Nearest. Kijana mmoja yatima aliyefanya kazi pale alifundishwa na Nearest kupika. Kijana huyo ni Jack Daniel. Utumwa ulipokwisha na Jack akawa na kiwanda chake, Nearest akawa mpishi wake mkuu wa kwanza, na wanawe na wajukuu wakafanya kazi palepale. Kampuni ilianza kulisema jambo hili kwa sauti mwaka 2016, ilipotimiza miaka 150. Mwaka uliofuata mwandishi na mfanyabiashara Fawn Weaver akaleta sokoni wiski yenye jina la Uncle Nearest.

Najua mtauliza, Jack Daniel's ni bourbon? Wanaiita wiski ya Tennessee. Kabla ya kuingia kwenye pipa huchujwa kwenye mkaa wa mti wa maple, na wao wanataka jina lao. Mengine karibu yote yanafuata masharti ya bourbon.

Na Kentucky haikuwa tofauti. Lile shamba la Oscar Pepper, ambapo James Crow alipima uchachu wake, lilikuwa na watumwa. Mchungaji Craig naye alimiliki watu. Nani alibeba maji, nani alikoroga, nani aliamka usiku kutazama moto? Majina mengi hayakuandikwa. Hata baada ya uhuru familia za weusi ziliendelea na kazi hii kizazi baada ya kizazi. Pale Buffalo Trace, Freddie Johnson, aliyewatembeza wageni kwa miaka mingi, ni wa kizazi cha tatu. Baba yake na babu yake walifanya kazi kiwandani hapo hapo. Hapa Louisville, upande wa magharibi wa mji, ndugu watatu walifungua Brough Brothers, kiwanda cha kwanza cha bourbon Kentucky kumilikiwa na Wamarekani weusi. Nikitoa pesa yangu kwa ajili ya hadithi, bora iwe hadithi ya aina hii. Lakini hata hapo nageuza chupa kwanza.

Sasa kuonja. Hapa ndipo watu wetu wanapodanganyika, kwa sababu wanasoma maelezo ya wazungu yanayosema maple, cheri, ngozi ya tandiko, tumbaku ya kiko, halafu wanaona aibu kwamba hawasikii hata kimoja. Hamjakulia kwenye vitu hivyo! Tumieni pua zenu. Mwaloni una eujenoli, na eujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Aliyewahi kupita Pemba wakati karafuu zimeanikwa barabarani atainasa haraka kuliko jaji yeyote wa mashindano. Mwaloni huu mweupe wa Marekani una mafuta mengine yenye harufu ya nazi, kuliko mwaloni wa Ulaya. Nani anaijua nazi kuliko sisi? Ile wanayoiita karameli, kwangu ni sukari guru. Bourbon ya ngano iliyokaa sana hunipa halua na tende. Yenye rai nyingi hunipa mdalasini, iliki, na pilipili manga mwishoni. Dada mmoja kutoka Bukavu aliniambia anasikia ndizi mbivu iliyoanza kulegea, na yuko sahihi kabisa: hamira huzalisha harufu hiyo wakati wa kuchachuka.

Namna yenyewe ni hii. Glasi iwe na mdomo mwembamba kidogo. Mimina kiasi cha vidole viwili visivyo vya mkulima. Usiizungushe kwa fujo kama mvinyo, kilevi kitakuchoma pua. Leta glasi karibu, fungua mdomo kidogo huku unanusa, na hewa ipite kote. Utashangaa ukali unavyopungua. Funda la kwanza ni la kuuamsha mdomo tu, usilihukumu. La pili lizungushe, litafune kabisa. Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam, alikuwa akifanya hivyo kwa kishindo mpaka watu wakauita mtafuno wa Kentucky. Meza, kisha subiri. Joto litakalotua kifuani ni zuri, lakini ladha inayobaki mdomoni baada ya dakika ndiyo inayotofautisha. Bourbon ya hovyo inaondoka bila kuaga.

Ikiwa inachoma, tia matone ya maji. Si ushamba. Wapishi wenyewe hufanya hivyo wanapokagua mapipa. Ongeza kidogo kidogo mpaka harufu ifunguke, acha hapo.

Kuhusu bei. Mnaisikia Pappy Van Winkle. Pombe nzuri, ya ngano, sikatai. Lakini chupa moja huuzwa mitaani kwa maelfu ya dola, na mwaka 2013 ilibainika kwamba chupa nyingi zimeibwa kutoka Buffalo Trace, na baadaye wafanyakazi wakashtakiwa. Ikifika mahali watu wanaiba, haunywi tena pombe, unakunywa uhaba. W. L. Weller inatoka kiwanda hichohicho, ya ngano vilevile, na miaka ya nyuma ilikuwa imejaa rafuni. Watu waligundua undugu huo, nayo ikapotea. Msiifukuze. Evan Williams yenye lebo nyeupe ni "Bottled in Bond", yaani masharti yote ya Kanali Taylor yamo, na bei yake haimnyimi mtu kodi ya nyumba.

Mnywaji naye ana nguvu. Mwaka 2013 Maker's Mark walitangaza kushusha kilevi kutoka asilimia 45 hadi 42 kwa sababu mahitaji yamezidi mapipa. Wateja waliwaka moto, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Hakuna aliyetumia hadithi pale. Walisoma namba kwenye lebo.

Maswali mawili nimeshayapokea kwenye karatasi, niyajibu. La kwanza, barafu. Weka ukipenda, hasa Agosti. Jua tu kwamba baridi inaua harufu, kwa hiyo bourbon uliyoinunua kwa ajili ya harufu usiizike. La pili, kuchanganya na kola. Ndugu yangu, pombe ni yako na kola ni yako. Ila tumia ya bei ndogo yenye asilimia 50, maana nyepesi itazama. Na ukitaka mchanganyiko wa heshima, sukari kidogo, matone ya bitters (kilevi kichungu cha viungo), ganda la chungwa, bourbon yenye rai: hiyo ndiyo Old Fashioned, na mji huu unapenda kudai kwamba ni wake.

Ukifungua chupa, isimamishe wima, usiilaze kama mvinyo, kilevi kitakula kizibo. Iweke mbali na jua. Ikishuka chini ya robo, waite marafiki muimalize, hewa itaichosha.

Mezani kuna tatu. Tutaanza na Maker's Mark, ya ngano, 45. Tutafuata na Evan Williams nyeupe, 50, yenye rai. Tutamaliza na Wild Turkey 101. Mnuse tatu zote kabla ya kuonja hata moja, na kila mtu aandike kwenye kile kikaratasi alichokisikia, kwa lugha ya kwao, bila kuchungulia cha jirani. Wenye magari na wenye zamu ya usiku, chai ya tangawizi iko kwenye lile birika kubwa, na pua zenu tunazihitaji vilevile. Meza ya kulia, anzeni.